Tupu si sifuri

Nilipoivuta ile sahani ya sauti kutoka kwenye mfuko wake wa karatasi, kitu kilidondoka mezani. Kilikuwa kipande cheusi, chembamba, kikubwa kama ukucha wa kidole gumba, na upande mmoja kiling'aa. Kikafuata kingine. Nikaacha kuvuta. Nikatandika karatasi nyeupe, nikauinamisha mfuko taratibu, na vipande vikamwagika kama magamba ya samaki. Sahani yenyewe ilipotoka, zaidi ya nusu ya uso wake ilikuwa chuma kitupu, alumini ya kijivu isiyo na mfereji wala sauti.

Kwenye kipande kikubwa kuliko vyote mifereji ilikuwa bado inaonekana. Nilikielekeza kwenye taa, nikaona mistari myembamba imejipinda sambamba, mahali fulani imebana, mahali fulani imetanuka. Pale penye kutanuka ndipo mtu alipopaza sauti.

Sikuwa nimekwenda kwenye ghala la hifadhi yetu ya sauti kuokoa kitu. Nilikuwa natafuta sanduku tupu la kuhamishia kanda, nikaliona hili chini kabisa ya rafu, nikadhani limebaki na mifuko tu.

Nikarudi kwenye kompyuta, nikaandika namba ya sanduku kwenye jedwali letu la tathmini, linaloamua kipi kinakiliwe kwanza. Aina: santuri. Hali: hakuna kilichoandikwa. Maudhui: hakuna kilichoandikwa. Nakala nyingine: hakuna kilichoandikwa. Mara ilizoombwa na wasomaji: 0. Alama ya hatari: ilikuwa miongoni mwa za mwisho katika orodha nzima.

Jedwali hilo nililitengeneza mimi.

Ni wiki kadhaa sasa, na kila nikifungua faili lile macho yangu yanakwenda chini, kwenye safu za mwisho. Nimeona afadhali niandike.

Daftari tulikuwa nalo

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Huu ndio msemo niliousema nilipokuwa naomba ruhusa ya kufanya tathmini. Niliusema kwa moyo wote, na bado nauamini. Kinachonikera ni kwamba mali yetu ilikuwa na daftari. Ilikuwa na namba ya sanduku, namba ya rafu, tarehe ya kukaguliwa na jina la mkaguzi. Ikapotea huku imeandikwa.

Anayefanya kazi na kanda anajua kwa nini tunahitaji namba. Kitabu unaweza kukipitisha haraka kwenye skana. Kanda ya saa moja inataka saa moja ya kusikilizwa, ukiongeza muda wa kuisafisha, kuweka mashine sawa, kukagua nakala na kuandika maelezo. Huwezi kuikimbiza. Kwa hiyo lazima mtu achague ipi itangulie, na kuchagua ipi itangulie ni kuchagua pia ipi itaachwa.

Kabla ya jedwali tulichagua kwa sauti ya aliyesema kwa nguvu. Maadhimisho yakikaribia, kanda za maadhimisho zilitangulia. Mkubwa akikumbuka hotuba fulani, hotuba hiyo ilitolewa. Mimi niliona hilo ni dhuluma kwa vitu visivyo na mtetezi, nikaamini namba zitawatetea wasio na sauti.

Sikuwa peke yangu katika imani hiyo. Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, kilipohesabu kati ya 2008 na 2009 vitu vya sauti, video na filamu katika kampasi yake ya Bloomington, vilipatikana zaidi ya 560,000, vimetawanyika katika idara na vitengo vingi. Hesabu ile ilibadilisha mazungumzo yote. Mwaka 2013 chuo kikatangaza mpango mkubwa wa kuvinakili kidijitali. British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, nayo mwaka 2015 iliwauliza wenye makusanyo ya sauti kote Uingereza wana nini, na ikapata taarifa za takriban vitu milioni 1.9. Kwanza wakahesabu, kisha wakaenda kuomba fedha wakiwa na cha kuonyesha.

Nilitaka nasi tuwe na cha kuonyesha.

Jinsi alama zilivyojumlishwa

Utaratibu wangu ulikuwa mwepesi, na nilijivunia wepesi huo. Kila kitu kilipewa alama kuanzia 0 hadi 5 katika mambo manne: udhaifu wa aina yake, hali yake ilivyo, upekee wa maudhui, na wingi wa maombi. Unajumlisha. Chenye jumla kubwa kinatangulia kwenye mashine.

Sasa tazama kinachotokea mkaguzi akiacha seli tupu. Excel haikulalamiki. Fomula ya kujumlisha inairuka seli tupu na kuendelea na nyingine, kwa hiyo mwishoni tupu na 0 vinatoa jumla ileile. Na katika jedwali langu 0 ilimaanisha "hakuna hatari".

Sijui na salama vikawa neno moja.

Hebu fikiria maana yake ghalani. Kanda iliyofunguliwa, ikanuswa, ikaonekana ina ukungu kidogo pembeni, ilipata alama ya juu na kutangulia. Hiyo ni sawa kabisa. Lakini sanduku ambalo kamba yake ilikuwa ngumu kufunguka, au lisilo na lebo, au lililokuwa juu mno bila ngazi ya kulifikia, lilipata tupu, tupu, tupu, na likazama. Tulikuwa tunawazawadia wagonjwa waliokwisha kuonana na daktari.

Kama tupu zingekuwa zimetawanyika hovyo, leo huku kesho kule, hasara ingekuwa ndogo. Wataalamu wa takwimu huonya juu ya jambo hili: kuna data inayokosekana kwa bahati, na kuna data inayokosekana kwa sababu. Yetu ilikosekana kwa sababu. Vitu visivyo na lebo vilikuwa vile vilivyopokelewa kwa haraka, ofisi fulani ilipohama au mwenye mali alipofariki. Vilipelekwa kwenye kona ambayo hakuna aliyeitaka, kwa kuwa ina joto, au bomba linapita juu yake. Ile ile sababu iliyoacha seli tupu ndiyo iliyokuwa ikikila kitu chenyewe.

Hili sikulisoma kitabuni. Nililiona nilipochukua ramani ya ghala na kutia rangi kila rafu kulingana na idadi ya seli zilizo tupu. Rangi nzito zilikusanyika sehemu moja, kona ya nyuma. Nilikaa nikiitazama ramani ile muda mrefu.

Neno "santuri"

Nilimpelekea fundi wetu ile sahani. Ni mzee aliyestaafu, huja kutusaidia siku mbili kwa wiki, na ndiye pekee kwetu anayeweza kuzungumza na mashine za zamani zikamwelewa. Hakuigusa. Aliinama, akaangalia tundu la katikati, akaangalia kando yake.

"Mwanangu, hii mmeiandika nini?"

"Santuri, fundi."

"Siyo santuri hii. Ona hapa." Akanionyesha kwa ncha ya penseli. Kando ya tundu la katikati palikuwa na tundu jingine dogo, limefunikwa nusu na lebo. Ukingoni utando mweusi ulikuwa umeachana na kijivu cha alumini. "Hii ilikatwa moja kwa moja. Mtu alikaa mbele ya maikrofoni, na sindano ikachonga hapo hapo. Haina pacha."

Nilijua sahani za lakeri ni nini. Nilishazisoma. Santuri ya kawaida hupigwa chapa kiwandani, nakala mamia au maelfu. Ukipoteza moja kuna nyingine kwa mtu mwingine. Ya lakeri ni bamba la alumini lililopakwa utando wa nitroselulosi, na wakati wa Vita Kuu ya Pili, alumini ilipohitajika kwingine, bamba lilikuwa hata la kioo. Kuanzia miaka ya 1930, hadi kanda za sumaku zilipoenea, vituo vya redio na watafiti walizitumia kurekodi papo kwa papo. Utando ule ulilainishwa kwa mafuta ya mbarika. Kadiri miaka inavyokwenda ulainishi unatoka, utando unanywea, na bamba la chini halinywei. Kitu kimoja kinavuta, kingine kimegoma. Mwisho wake ni nyufa, kisha kubanduka. Hakuna namna ya kuurudisha. Kabla ya hapo mara nyingi hutokea unga mweupe wenye mafuta, asidi ya palmitiki na ya steariki, na mtu asiyejua huudhani ni vumbi au ukungu akaufuta na kuendelea.

Katika vitu vyote vya sauti tunavyovitunza, hizi ni miongoni mwa zilizo dhaifu kuliko zote. Kwenye jedwali langu la aina, "santuri" ilikuwa na alama 1 ya udhaifu.

Kwa nini hapakuwa na "sahani ya lakeri" kwenye orodha ya kuchagua? Kwa sababu nilitaka orodha fupi. Wakaguzi wetu walikuwa wanafunzi wa mafunzo kazini, wachangamfu, wenye haraka, na nilidhani nikiwapa aina thelathini watachoka. Nikawapa nane. Mwanafunzi aliyefungua sanduku lile aliona duara jeusi lenye tundu katikati, akatafuta neno lililo karibu nalo, akalipata. Hakukosea. Mimi ndiye niliyemnyima neno.

Hapa ndipo nilipoona kwamba nilikuwa nimehangaika na fomula mahali ambapo uamuzi ulikuwa umeshafanyika. Uamuzi ulifanyika siku nilipopanga yale maneno manane.

Wiki mbili bila jedwali

Nikiri kwamba baada ya hapo nililichukia jedwali. Kwa wiki mbili sikulifungua. Nilikuwa naingia ghalani, nachagua kwa macho na pua, na nilijihisi mkweli zaidi. Mwenzangu mmoja akasema turudie yote, sanduku kwa sanduku, safari hii tukiwa makini. Nikakaa kukadiria muda. Kwa kasi yetu ile tungemaliza tukiwa tumepoteza mashine ya mwisho ya kuchezea.

Kwa maana muda hauzimalizi kanda peke yake. Sony iliacha kutengeneza mashine za DAT, kanda za sauti za kidijitali, mwaka 2005. Funai ya Japani ilitoa mashine zake za mwisho za kanda za video za VHS Julai 2016. Hifadhi ya taifa ya filamu na sauti ya Australia ilipotoa onyo lake mwaka 2015, iliutaja mwaka 2025 kuwa ukomo wa kanda za sumaku, kwa kuwa vipuri na mafundi vitakuwa vimeadimika hata kama kanda zenyewe ni nzima. Mwaka huo umeshafika. Mike Casey wa Indiana aliunda neno moja la Kiingereza kwa kuyaunganisha mambo hayo mawili, kuchakaa kwa kitu na kupitwa na wakati kwa mashine, akasema ni janga moja. Naona alikuwa sahihi.

Basi nikarudi kwenye takwimu, kwa kuwa hakuna njia nyingine ya kuona ghala lote kwa mara moja. Ila nilirudi na maswali mengine.

La kwanza lilikuwa sampuli. Kuna namba ambayo wakutubi wengi wanaijua, 384: ukikagua vitu 384 vilivyochaguliwa kwa nasibu, unaweza kukadiria hali ya mkusanyiko mkubwa kwa uhakika wa asilimia 95, ukikosea kwa asilimia 5 juu au chini. Mkusanyiko ukiwa na vitu 4,000, hata 351 vinatosha. Inavutia sana mtu aliyechoka. Chuo Kikuu cha Yale kilipokagua vitabu vyake mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, kilitumia sampuli ya vitabu 36,500, na picha iliyopatikana iliaminika.

Lakini nikajiuliza swali la sanduku langu. Tuseme katika vitu 4,000 kuna sahani za lakeri 20. Nikichukua 351 kwa nasibu, natarajia kuzikuta mbili, labda moja. Na kuna uwezekano wa kama asilimia 16 nisikute hata moja. Ningeandika ripoti nzuri, yenye grafu safi, isiyozitaja kabisa. Sampuli ingekuwa sahihi kuhusu mkusanyiko na bubu kuhusu kitu kinachokufa kwanza.

Wastani ni rafiki wa walio wengi. Katika kazi yetu vilivyo hatarini zaidi mara nyingi ni vichache.

Sasa tunagawa kwanza, kila aina kwenye kundi lake. Makundi makubwa, kama kaseti, tunayakagua kwa sampuli. Madogo tunafungua yote, bila ubishi. Ilinibidi pia nijifunze kusema kwa unyenyekevu zaidi pale tusipoona tatizo. Ukikagua kaseti 60 usikute hata moja mbovu, hujathibitisha kuwa zote ni nzima. Gawa 3 kwa 60, upate asilimia 5, na ujue mbovu zinaweza kufika hapo bila wewe kuziona. Kanuni hii ndogo imefuta neno "salama" kwenye ripoti zangu.

Kanda za sumaku zinadai uangalifu wa namna yake, kwa sababu zinadanganya macho. Gundi inayoshika unga wa sumaku hunyonya unyevu na kugeuka kunata, nawe kwa nje unaona kanda imekunjwa vizuri, inang'aa. Unaijua siku inapong'ang'ania kwenye hedi, sehemu ya mashine inayoisoma, na kuacha uchafu wa kahawia. "Hali: nzuri" kwa kutazama tu ina maana ndogo mno. Ndiyo maana napenda vile vikaratasi vya Image Permanence Institute, taasisi ya utafiti ya Marekani, vinavyowekwa ndani ya kopo la filamu ya asetati, aina ya plastiki. Vinaanza bluu, vinageuka kijani, kisha njano, kadiri asidi yenye harufu ya siki inavyoongezeka, na unavisoma kwa kipimo cha 0 hadi 3. Vikifika karibu 1.5, filamu imeingia mahali ambapo uharibifu unajilisha wenyewe. Hapo 0 ni 0 kweli. Kitu chenyewe kimejibu.

Ambacho hakijaombwa

Swali la pili liliniumiza zaidi, kwa kuwa lilihusu safu niliyoipenda.

Safu ya maombi ilikuwa fahari yangu. Niliona ni haki kwamba wasomaji wachangie uamuzi. Lakini msomaji anaomba anachokiona kwenye katalogi, na kilichomo kwenye katalogi ni kile mtu alichokisikiliza akakieleza. Sahani zangu zisingeombwa hata zingekaa miaka hamsini, maana hakuna mahali zilipotajwa. Sifuri ile ilipima kimya chetu sisi, nami niliihesabu kama kimya cha wasomaji.

Kibaya zaidi, ilijizidisha. Kilichoombwa kilinakiliwa, kilichonakiliwa kikawa rahisi kupatikana, kilichopatikana kikaombwa tena. Nilipotazama orodha ya vitu mia vya kwanza tulivyonakili, vingi vilikuwa tayari na nakala ya namna fulani.

Nimeitoa safu hiyo kwenye alama ya hatari. Bado ipo, pembeni, kwa sababu wanaotoa fedha wanauliza matumizi na wana haki ya kuuliza. Ila sijatulia. Kuna siku nadhani nimekosea, kwamba kukihifadhi kitu ambacho hakuna atakayekitumia ni kuchukua saa za mashine za kitu ambacho mtu anakingoja leo. Hoja hiyo ina uzito, na sijaipatia jibu linaloniridhisha.

Kiwango cha chini, kiwango cha juu

Jedwali jipya halikubali seli tupu. Mkaguzi lazima achague, na mojawapo ya chaguo ni "sijui". Kila kitu sasa kina alama mbili badala ya moja: ya chini kabisa, kama yote tusiyoyajua yakiwa mema, na ya juu kabisa, kama yote yakiwa mabaya. Kitu kinachojulikana vizuri kina alama mbili zilizokaribiana. Kitu ambacho hakijafunguliwa kina pengo pana.

Pengo hilo ndilo tunalolifuata. Tuna foleni mbili: ya vitu vya kunakili, vyenye alama za juu kwa uhakika, na ya vitu vya kwenda kufungua, vyenye pengo kubwa. Aina kwenye orodha zimeongezeka, na kila aina ina picha yake, pamoja na picha ya lile tundu dogo la pembeni.

Gharama yake ipo. Wiki za kwanza kasi ya kunakili ilishuka, na mwenzangu akaniambia waziwazi kwamba tunafungua masanduku wakati kanda zinazojulikana kuwa mbovu zinangoja. Sikubishana naye. Tulikubaliana siku moja kwa wiki iwe ya kufungua, nyingine za mashine. Siku moja tumeichagua kwa kukadiria tu. Hakuna fomula iliyotupa.

Vipande nilivyoviokota mezani siku ile nimeviweka kwenye bahasha ya karatasi isiyo na asidi, kila kimoja kimelala bapa, uso juu. Kuna teknolojia inaitwa IRENE, iliyozaliwa katika maabara ya Lawrence Berkeley nchini Marekani, inayosoma mifereji kwa kuipiga picha bila kuigusa, na imewahi kutoa sauti kwenye sahani ambazo sindano isingethubutu kuzigusa. Sijui kama vipande vyetu vitafika huko. Bahasha ina namba yake na safu yake kwenye jedwali. Aina: sahani ya lakeri, bamba la alumini. Hali: utando umebanduka zaidi ya nusu. Nakala nyingine: sijui. Maudhui: sijui.

Ndani ya sanduku lile zilikuwapo nyingine. Baadhi zimeanza nyufa, baadhi zina unga mweupe tu, na chache utando wake bado umeshika kingo zote. Fundi amezipanga kwa hofu yake mwenyewe, yenye kuonekana dhaifu zaidi mbele. Jana alisafisha ya kwanza, akaikausha, akajaribu sindano tatu chini ya hadubini kuona ipi inakaa vizuri mferejini. Kesho asubuhi ataicheza mara moja, na rekoda itakuwa imeshawashwa.